Tonge la Buluo

Mwanawe Arsène alipofukiwa na udongo shimoni, Mama Berthe aliweka nadhiri mbele ya sanamu ya Bikira Maria: hatatia bukari, ugali wa kila siku, kinywani hadi Clovis ahukumiwe. Clovis ndiye aliyebaki juu ya shimo la madini, ameshika kamba. Siku ile aliiacha akaenda kununua maji. Udongo ulipoporomoka, hapakuwa na wa kumvuta Arsène. Clovis aliwekwa mahabusu, na tangu hapo mama huyo aliishi kwa viazi vitamu na chai, na nguo zikamlegea mabegani.

Jumapili moja, baada ya misa, alimkuta Tina, mke wa Clovis, mlangoni pake. Mgongoni alibeba mtoto mchanga mwenye homa. Mkononi alishika bakuli lililofungwa kitambaa. Watu wa kanisa la maombi la Tina walikuwa wamempelekea Clovis chakula mara kadhaa, kisha wakachoka. Na katika gereza la Buluo, asiye na wa kumletea chakula hushinda na njaa.

"Mama Arsène, sina muntu mwingine wa kutuma," Tina alisema.

"Na weye hauone haya kunitafuta minye?"

"Naona, mama. Lakini njaa ya bwana yangu haioni haya."

Berthe alilipokea bakuli. Hakuwa amesamehe, alichoka tu kumsikia yule mtoto akilia.

Gerezani, askari alifungua kitambaa, akaona bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo. "Onja, mama."

Hilo hakuwa amelifikiria. Kila aletaye chakula huonja kwanza, ili sumu isipite.

"Minye sikulake bukari."

"Mama wa Likasi hakulake bukari? Basi umetia dawa ya panya."

Nyuma ya nondo, Clovis alikuwa amekwisha kumtambua. Mashavu yake yalikuwa yamebonyea.

"Rudisha tu, mama," alisema akitazama chini. "Sina njaa."

Berthe alifanya ishara ya msalaba, akakata tonge, akalichovya katika sombe, akameza.

"Chumvi iko mingi," alisema, akamsogezea Clovis bakuli.

Jioni Tina aliuliza kama bwana wake alikula.

"Alikula yote." Berthe alikaa, akavua viatu kwenye miguu iliyovimba. "Kesho upike mapema, jua iko kali kule njiani. Na chumvi, upunguze."