Saini kwa Niaba ya Kitinda

Mtaani walimwita Sindano, kwanza kwa sababu alikuwa fundi cherehani, pili kwa wembamba wake, na tatu, hili walilisema akiwa mbali, kwa ukali wa ulimi wake. Kibanda chake kilikuwa kati ya kinyozi na muuza vyombo, na sheria yake ilikuwa moja tu: hapimi mtu asiyekuwepo. Ukimletea kitambaa na kumwambia mwenye nguo yuko safarini, akate tu kwa kukisia, alikurudishia mzigo wako na kukwambia kwamba mwili wa mtu hausemewi. Alipoteza wateja wengi kwa ukaidi huo, wala hakujuta.

Ndiyo maana mdogo wake alipompigia simu kutoka ng'ambo na kumwomba awe mwakilishi wake katika kununua nyumba, alikataa. Mdogo huyo, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa mchomeleaji vyuma katika karakana ya meli nchi ya mbali, na nyumbani waliendelea kumwita Kitinda hata alipoota ndevu. Alimweleza dada yake kwamba likizo hapati, lakini kuna hati ya uwakilishi: yeye anaisaini huko ubalozini, inapigwa mhuri, kisha dada mtu anasimama mbele ya wakili na kutia saini kwa niaba yake. Sindano akamuuliza kama ipo pia hati ya kula kwa niaba ya mtu, maana yeye njaa inamuuma. Kitinda alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha utani, akasema mama amehamahama vyumba vya kupanga kama paka mwenye watoto, na hataki afie katika nyumba ya mtu. Hapo Sindano akamwambia aitume hiyo hati.

Hati ikaja, nyumba ikapatikana: vyumba vitatu, bati zima, ua wenye bomba. Mama akaenda kuitazama, akagusa kila ukuta, akamchagulia Kitinda chumba kisichopigwa na jua la jioni, maana mwanawe huyo hapendi joto tangu utoto. Siku ya kutia saini ikapangwa Ijumaa.

Jumatano mchana, Sindano akiwa anatia zipu kwenye sketi ya mteja, simu ililia. Hakuwa Kitinda, alikuwa mwenzake wa kazini. Jukwaa walilosimama juu yake limeanguka, alisema, na Kitinda hakuwahi kufikishwa hospitali. Sindano alisikiliza yote, akashukuru, akaimalizia zipu ile kwa sababu mwenye sketi alikuwa amesimama pale anasubiri. Halafu akafunga kibanda, akaenda kwa mjomba wao, na huko ndiko alikolia, akiuma mtandio ili majirani wasisikie.

Mjomba akatoa shauri. Msiba usitangazwe mpaka Ijumaa ipite. Hati ina saini na mhuri, na karatasi haijui kama mwenyewe amekufa. Wakisema leo, mambo yataingia kwenye mirathi na mahakama, muuzaji atamtafuta mnunuzi mwingine, na mama atabaki mpangaji mpaka kaburini.

"Tutamlilia Jumamosi," alisema mjomba. "Mwenyewe angetaka hivyo."

Sindano akakubali. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeficha kifo chenyewe hawakusema huumbuliwa na nini.

Siku zile alizokaa na siri hiyo usiziulize. Mama akiuliza mbona Kitinda hapigi simu, alijibu kwamba kazi zimembana. Alikuwa akiingia bafuni, anafungua maji na kulia, na mama akamtania kwamba siku hizi anaoga mno, huenda kapata mchumba. Sindano alicheka naye. Kicheko kile kilimuuma kuliko kilio.

Ijumaa wakafika kwa wakili. Mama alivaa gauni lake la heshima, kwa kuwa Kitinda alisisitiza awepo aone kwa macho yake. Muuzaji alikuwepo, mjomba alikaa pembeni kama shahidi. Wakili, mwanamke kijana mwenye miwani, alisoma mkataba mpaka ukurasa wa mwisho, akamsogezea Sindano kalamu.

"Swali la kawaida tu, dada," alisema. "Hati hii ina nguvu mradi aliyeitoa yuko hai. Yuko hai?"

Mjomba akakohoa. Sindano alifungua kinywa, lakini mama alimtangulia.

"Yuko hai, mwanangu, kwa nini asiwe hai? Mzima wa afya. Mwache dada yake aandike."

Wakili akatabasamu na kuwageuzia mkataba. Sindano hakutakiwa hata kusema uongo, ulikwisha kusemwa na mtu asiyejua kwamba ni uongo. Alitakiwa kunyamaza tu na kuandika, na mama angekuwa na kwake. Mjomba alimkazia macho. Sindano akatazama jina la mdogo wake pale chini, akaona kwamba akitia saini, furaha ile ya mama ndiyo itakuwa imetumika kumnunulia nyumba. Hilo lilimshinda. Akaiweka kalamu.

"Mama," alisema, "Kitinda amefariki. Jumatano, kazini."

Wakili alivua miwani. Kwa sauti ya chini akasema hati imekwisha nguvu tangu mwenyewe alipokata roho, na kwamba anawapa pole. Muuzaji naye alitoa pole, akaongeza kwamba kuna mtu mwingine anaiulizia nyumba. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na shida zake.

Mama hakupiga kelele. Uso wake ulikuwa bado na tabasamu, maana uso huchelewa kusikia. Kisha ukasikia.

"Jumatano," alisema. "Nani amemlilia mwanangu tangu Jumatano?"

"Mimi, mama."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Mama alisogeza kiti chake karibu. Akamshika Sindano mkono, akamvuta mpaka kichwa chake kikamfika kifuani.

"Mjinga wewe," alisema. "Mzigo wa watu wawili, umeubebaje peke yako?"

Wakaanza kulia pamoja, pale pale mezani, huku mjomba akimuuliza wakili kama wanaweza kukaa hapo kidogo.