Mota za Kuume

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka natafuta mahali pa kuficha uso, na uso wenyewe ndio huu umeshazeeka. Kaa hapo. Hapana, weka kwanza hiyo simu chini. Umenisomea ujumbe wa mwenzako mara tatu, na mara zote tatu umeusoma kwa sauti ya mtu mwenye hila. Mimi hila sijaisikia. Sauti niliyoisikia ni yako. Sasa nisikilize mimi, halafu ukitaka kukata urafiki na mwenzako, ukate.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipofunguliwa na redio za kaseti zikamwagika Mbinga kama mvua. Mimi Bonifasi, kijana wa Mapera, nikawa fundi redio, nina meza yangu mbele ya duka la vitambaa. Nilikuwa fundi mzuri, sitajidharau. Lakini nilikuwa na ugonjwa wa kushuku. Mteja akinisifu, najiuliza anataka nini. Akinung'unika, najiuliza katumwa na nani. Nikienda kunywa chai nilikuwa nalaza unywele wa hindi juu ya kifuniko cha boksi langu la vipuri, ili nikirudi nijue kama kuna mkono umepita. Upepo ukiusogeza, basi siku hiyo jirani hapati salamu. Unacheka? Cheka tu, na wewe umeanza hivyo hivyo.

Rafiki yangu alikuwa mmoja, Salumu wa Lituhi. Kwao walikuwa na duka pale ufukweni mwa ziwa, babu yao alitokea Kilwa, na Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya kuzaliwa nayo. Sisi Wamatengo tulikipata shuleni na kanisani. Salumu alikuwa fundi wa mashine za boti, mikono myeusi kwa grisi, mdomo una utani kutwa nzima. Mimi aliniita "mwenzangu", na mimi nilimwita hivyo hivyo. Tulikuwa na ndoto moja, kufungua karakana Kitai pale mabasi yanaposimama, yeye upande wa mashine, mimi upande wa redio. Chumba kilikuwepo. Mwenye chumba, mzee mkavu wa maneno, alituambia, "Mafundi wawili ni kama majogoo wawili. Nionyesheni kwanza kazi moja mliyoifanya pamoja ikakamilika, ndipo nitawapa ufunguo."

Kazi hiyo ililetwa na Bruda mmoja wa misheni, mzungu mrefu aliyekuwa akihudumia majenereta. Alipokuwa anarudi kwao uzeeni alituachia katoni. Ndani mlikuwa na vitu vya ndege ndogo ya kuchezea wakubwa: mota nne za umeme, propela nne, betri ya kuchaji, kisanduku cha kugawa umeme, na rimoti yenye antena ndefu. Ndege yenyewe, iliyokuwa ya foamu, panya walikuwa wameshaitafuna. Bruda akasema, "Mmoja anajua waya, mwingine anajua propela. Itengenezeni upya."

Vizuri. Lakini maelezo ya kuunga waya alimpa Salumu, siku alipokwenda Lituhi kuaga. Hapo roho yangu ikaanza kuwasha. Kwa nini amwambie Salumu, na mimi ndiye niliyeimba kwaya kwenye misa ya kumuaga? Kuna nini hapo? Mwanangu, hapakuwa na kitu. Bruda aliaga Lituhi siku ya mwisho, basi, na maneno ya mwisho huangukia masikio ya mwisho.

Nikaanza kuunda. Foamu niliipata ile nyeupe wanayofungia televisheni kwenye maboksi. Nilikata mabawa kwa waya uliopashwa moto kwa betri ya gari. Mara ya kwanza nilitumia gundi ya viatu, loo, ikaila foamu ikabaki shimo! Nikaanza upya kwa gundi ya mbao, nikapitisha ufito wa mwanzi ndani ya bawa lisivunjike. Kisha nikaiinua kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, nikawa nasogeza betri mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka ikatulia bila kuinamia upande. Kila bawa lilichukua mota mbili. Ilipendeza, mwanangu. Nilipoitazama nilijisikia mtu.

Zikabaki waya. Kwenye kisanduku zilitoka mbili, moja imefungwa uzi mwekundu, nyingine mweupe. Nikamwandikia Salumu aniletee maelezo, naye akampa kondakta wa basi barua. Hebu sikia ilivyosema, maana naijua kwa moyo:

"Mwenzangu Boni, uzi mwekundu uende kwenye mota mbili za kuume. Uzi mweupe uende mota mbili za kike. Usichanganye, maana ndege hii haina usukani, inakata kona kwa mota. Tukutane Lituhi Jumapili. Salumu."

Kwanza niliishuku bahasha, nikaona gundi yake imekunjamana, nikamshuku kondakta. Kisha nikaishuku barua. Mbona fupi? Bruda kaongea naye kutwa nzima, mimi naletewa mistari minne? Halafu nikatazama mota. Unajua plagi ni dume na jike, ile yenye misumari na ile yenye matundu. Basi mota mbili zilikuwa na plagi za kiume, na mbili za kike. Nikacheka. Ona, hata kuandika hajui! Kaandika "kuume" badala ya "kiume". Nikachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati, nikakata ile "u" ya kwanza, nikaandika "i" juu yake, kama mwalimu anayesahihisha daftari.

Nikaunga. Na kwa kuwa sikutaka bawa moja liwe la madume watupu, nikazipanga mota kwa kupishana kutoka ncha ya bawa la kushoto hadi ncha ya bawa la kulia: dume, jike, dume, jike. Kila kitu kikazunguka. Propela zikavuma, karatasi zikaruka mezani. Nikajipongeza.

Jumapili hiyo nikapanda lori kwenda Lituhi, ndege imefungwa shuka. Tulipopita Kitai, yule mwenye chumba naye akapanda, anakwenda kutazama. Tulipofika watu wakakusanyika ufukweni. Kina mama waliacha usipa, dagaa wao wa ziwani, juani wakaja, wavuvi wakaacha nyavu. Mzee mmoja akauliza hicho ni ndege au ni ungo uliobadilishwa sura. Mwingine akataka kujua kama kinapiga picha, na picha zinapelekwa wapi. Hata wao walikuwa wanashuku, lakini wao waliuliza. Salumu aliwajibu mmoja mmoja, akawaonyesha propela, akawafanya wacheke.

Kisha akanigeukia. "Mwenzangu, uliunga kama nilivyoandika?"

"Nimeunga sawasawa," nikamjibu.

"Hebu tufungue tumboni mara moja tuhakikishe."

Mwanangu, hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, nami nikaufunga kwa mkono wangu. Niliwaza, anataka kufungua mbele ya watu ili aonekane yeye ndiye aliyeunda. Anataka mwenye chumba amwone yeye. Nikasema, "Huniamini?" Maneno hayo, sikia, mara nyingi husemwa na yule asiyemwamini mwenzake. Salumu akanitazama, akasema, "Nakuamini," akachukua rimoti.

Nikakimbia nayo, nikairusha. Iliruka! Wallahi, mimi Mkristo nasema wallahi, iliruka. Ilinyooka juu ya maji, mota nne zinaimba, watoto wanapiga kelele, na mwenye chumba nikamwona anatabasamu kwa mara ya kwanza. Salumu akaiachia ikaenda mbali kidogo, halafu akaiambia ikate kulia irudi. Ikainama kushoto. Akasukuma kulia zaidi, nayo ikazidi kushoto, ikielekea miambani. Nilimwona jasho linamtoka. Akakata umeme ili isipige mwamba, ikaanguka majini, bawa likapasuka. Mvuvi mmoja akaifuata kwa mtumbwi, akarudi ameishika mkia kama kuku wa sokoni. "Chombo chenu kinaelea vizuri," akasema. Watu wakaangua kicheko.

Kicheko kile kilinichoma. Nikapasuka pale pale mbele ya watu. "Umenihujumu! Uliniandikia uongo makusudi! Kikulacho ki nguoni mwako, leo nimekiona!" Ningenyamaza hapo ingekuwa nafuu. Sikunyamaza. Nikasema, "Ninyi watu wa pwani ndivyo mlivyo, mnacheka na mtu huku mnamchimbia." Na baba yake Salumu amesimama pale, mzee aliyenipokea kwake na kunipa chakula tangu sijaota ndevu.

Salumu alinipa rimoti mkononi, akasema, "Sawa, fundi." Akamshika baba yake mkono, wakaondoka. Mwenye chumba akakung'uta kofia yake. "Nimeona nilichokuja kuona," akasema.

Nikarudi Mapera na hasira na ndege iliyolowa. Mama mkubwa, dada wa mama yangu aliyenilea, alikuwa anachambua kahawa kwenye kichanja. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke asiyependa kelele. Nikamwambia shikamoo nusunusu, nikamwaga kesi yangu yote, nikampa barua kama ushahidi. Akafuta mikono, akaisoma polepole, kidole kinafuata maneno.

"Na hii 'i' hapa juu kaandika nani?"

"Mimi. Salumu alikosea."

Akaendelea kuishika ile barua. Kisha akasema, "Boni, hebu sali Nasadiki."

Nikashangaa. Nikadhani ananipa kitubio. Nikaanza ile sala ya imani, kwa haraka, kama tunavyosali kila Jumapili. Nilipofika pale alipopaa mbinguni, amekaa kuume kwa... akainua mkono.

"Simama hapo hapo. Amekaa upande gani?"

"Kuume, Mama. Yaani mkono wa ku..."

Sikumaliza. Mkono wa kulia, mwanangu. Kuume ni mkono wa kulia! Na mkono wa kike, kwa watu wa pwani, ni wa kushoto. Mota mbili za bawa la kulia, mota mbili za bawa la kushoto. Ni kama watu wawili mtumbwini, ukitaka kwenda kulia, aliye kushoto anaongeza kasia. Mimi nilikuwa nimewachanganya wapiga kasia, aliyepaswa kuongeza kushoto nikamkalisha ncha ya kulia, ndiyo maana Salumu akisema kulia, ndege inasikia kushoto. Neno lile nilikuwa nalitamka kila Jumapili tangu utoto, lakini alipoliandika Salumu nikaona kosa, kwa sababu kosa ndilo nililokuwa nalitafuta.

Mama mkubwa akasema, "Umesema kikulacho ki nguoni. Haya, tazama nguo yako. Hiyo kalamu iko mfuko wa nani?"

Nikaitazama kalamu kwenye mfuko wa shati langu. Nililia, mwanangu, mtu mzima, mbele ya kahawa.

Sikumaliza wiki. Nilikausha kisanduku, nikaunganisha bawa, nikaunga upya waya, nyekundu kulia, nyeupe kushoto, nikashuka Lituhi. Nilianza kwa baba yake, nikapiga goti. Mzee akaniinua, akasema, "Yameisha, mwanangu." Kisha nikamwomba Salumu msamaha, nikamwonyesha barua na ile "i" yangu. Akaitazama, akacheka kidogo, kicheko cha upande mmoja.

Tukaenda ufukweni sisi wawili tu. Nikarusha, akashika rimoti. Akasema kulia, ikaenda kulia. Akasema kushoto, ikaenda kushoto, ikazunguka juu ya maji na kurudi, ikatua mchangani miguuni petu, taratibu. Salumu akaiokota, akaipangusa mchanga, akanipa.

"Inaruka vizuri, fundi," akasema. "Nimekusamehe."

Na alinisamehe kweli. Alinipa chai, akanisindikiza mpaka kwenye lori, harusi yangu alikuja, msiba wa Mama mkubwa alikuja. Lakini "mwenzangu" sikuisikia tena kinywani mwake mpaka leo. Ni fundi tu. Karakana ya Kitai hatukuifungua, mwenye chumba alimpa mtu wa cherehani. Maji yakimwagika hayazoleki, unabaki kutazama mahali palipolowa.

Sasa chukua simu yako. Nasaha yangu ni hii. Ukiletewa neno usilolielewa, usilisahihishe kabla hujamuuliza aliyelisema. Kuuliza si ujinga, na wale wavuvi walinishinda akili siku ile. Mwenzako akikuambia "tufungue tuhakikishe", fungua, hata kama dunia nzima inatazama. Na hasira ikikupanda, iseme kwa jina la kosa, usiiseme kwa jina la kabila la mtu wala kwao, maana kosa hurekebishwa lakini tusi la ukoo huingia mpaka kwa wazee wa watu. Usimwandikie. Mpigie, umuulize, "Mwenzangu, ulikuwa na maana gani?" Mwite hivyo hivyo, mwenzangu, wakati bado jina hilo lina mtu wa kuliitikia.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde ulimi, akulinde na kalamu ya mfukoni mwako, na siku ya mwisho akuweke kuume kwake, nawe ujue ni upande gani.