Karatasi ya Walimu wa Kwaya

Mwanangu, nimesikia kwaya imekupa kazi ya kuandika karatasi ya sherehe, ile ya kuwaeleza wageni viongozi wetu ni akina nani na kila mmoja muziki aliutoa wapi. Ni kazi nzuri. Lakini weka kalamu chini kwanza, maana karatasi kama hiyo niliwahi kuiandika mimi, na iko Jumapili moja ya Kitengela ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya.

Ilikuwa miaka ya tisini, Kitengela bado ni maduka machache kando ya barabara ya Namanga, na punda milia wanapita nyuma ya shule tukifanya mazoezi. Kwaya yetu haikuwa ya kanisa moja. Wakamba waliokuja kwa kazi ya machimbo ya mawe, Wakikuyu wenye maduka, Wamaasai wenyewe wenye ardhi, sote tulikutana darasani Jumamosi alasiri. Viongozi tulikuwa watatu. Mimi, mwalimu kijana niliyetoka chuoni na solfa kichwani na filimbi ndogo ya kutafutia noti mfukoni. Mzee Lemayian, aliyeongoza sauti nzito za wanaume. Na Mama Nduku, mama wa Kikamba aliyekuwa akivunja kokoto, ambaye kazi yake kwetu ilikuwa kuanzisha wimbo.

Tuliitwa kuimba kwenye ufunguzi wa kanisa jipya, nami nikajipa kazi ya kuandika karatasi ya wageni. Kunihusu mimi niliandika mistari sita: chuo, solfa, kinanda, hata shindano tuliloshindwa nililipamba kwa maneno matamu. Mzee Lemayian nikampa mstari mmoja. Kwa Mama Nduku niliandika hivi: "Hajafundishwa muziki na mtu. Anasaidia." Sikuwa na ubaya naye, mwanangu. Sikumuuliza tu. Nilidhani muziki ni ule wenye cheti.

Siku yenyewe tuliimba vizuri. Mama Nduku hakujua kusoma, kwa hivyo nilimwonyesha jina lake kwa kidole, naye akafurahi sana. Akaomba nakala nne, akazikunja ndani ya leso yake, akasema moja ataipeleka kwa mama yake kule Makueni. Nilimpa nikijiona mkarimu.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Nikaanzisha nyimbo mwenyewe kwa filimbi yangu. Noti ilikuwa ile ile ya kitabuni, lakini tukifika ubeti wa tatu watu wameishiwa pumzi na akina mama wanajishika shingo. Niliwagombeza, nikawaita wavivu. Mzee Lemayian alingoja nimalize, akaniita nje.

"Mwalimu, huyu mama uliuliza nani alimfundisha?"

"Sikuuliza, mzee. Si hana cheti."

"Mimi nikinunua ng'ombe nauliza imetoka boma gani. Wewe umeandika mtu na hukuuliza." Hakupandisha sauti. "Msichana wake alimsomea hiyo karatasi. Twende."

Mvua ilikuwa imenyesha, na ule udongo mweusi wa huko uling'ang'ania viatu vyangu mpaka nikavivua nikavibeba. Tulimkuta Mama Nduku akichambua maharagwe. Alitupa viti, akatupa chai, na hakuniangalia. Zile nakala nne zilikuwa juu ya kabati la vyombo, bado zimekunjwa.

"Mama," nikasema, "ni nani alikufundisha kuimba?"

Aliyaacha maharagwe. "Ni mama yangu. Kwetu tulikuwa tunachimba matuta na mwethya, wamama wote wa kijiji, leo shamba ya huyu, kesho ya yule. Mama ndiye alikuwa anaanzisha nyimbo. Ukianzisha juu sana, watu wanachoka mapema na majembe yanasimama. Aliniambia nisikize kwanza vile watu wanapumua, ndio nianze. Nilifanya hiyo kazi na yeye miaka kumi na mbili." Akarudia maharagwe yake. "Na wewe umeandika sikufundishwa na mtu. Hiyo mama yangu ningempelekea aje?"

Chuo changu mimi kilikuwa cha miaka miwili. Nilimwomba msamaha pale pale, miguu mitupu, matope mpaka kwenye vifundo, nikaahidi kuandika karatasi nyingine. Baada ya wiki kadhaa alirudi, na pumzi ya kwaya ikarudi naye.

Lakini ile karatasi niliichelewesha. Nilisema ingoje sherehe kubwa, yenye wageni wa kutosha. Ikangoja hadi miaka ya elfu mbili ikaingia. Hapo ndipo nilipoiandika vizuri: Mzee Lemayian, aliyewaongoza vijana wa rika lake kwa nyimbo tangu akichunga ng'ombe, kisha Mama Nduku, na jina la mama yake juu ya lake. Nilimsomea polepole, naye akasikiliza amefumba macho. Nikampa nakala nne. Akachukua moja.

"Hizo zingine peana, mwalimu," akaniambia. "Mwenye ningempelekea ulimwimbia mwaka jana."

Ni kweli. Kwaya nzima tulikuwa tumesafiri hadi Makueni kuimba kwenye mazishi ya mama yake, mimi mbele na filimbi yangu, na ile karatasi haikunijia akilini hata mara moja. Jambo hilo liliniuma siku hiyo na bado linaniuma.

Basi, mwanangu, usiwaandike watu ukiwa umekaa mezani. Nenda nyumbani kwa kila kiongozi, hata yule unayedhani huna la kumwandikia, umuulize ni nani aliyemfundisha. Andika jina la mtu huyo. Na kama yuko hai, mpelekee karatasi wiki hiyo hiyo, usingoje wageni. Ukifika kwangu, achana na habari za chuo. Andika kwamba nilifundishwa na Mama Nduku, na kwamba nilichelewa kuelewa.

Nenda sasa. Mungu akufungue masikio, akulindie waliokufundisha, na akufikishe kwao mapema.