Redio ya Kwenye Mgunga

Siku hizi kuna watu wanaopamba sebule kwa redio za zamani. Nikiiona moja natamani kuikumbatia, halafu natamani kuipiga teke.

Ya baba ilikuwa kubwa, imevalishwa koti la ngozi. Ukizungusha kifundo, mshale mwekundu ulitembea taratibu, redio ikakoroma, ikakohoa, kisha mtu akaongea kwa sauti nzito iliyojaza boma zima. Betri zikichoka tulizianika juani. Naipenda sauti ile mpaka leo. Simu haina sauti, ina kelele tu.

Serikali ya kaunti ilikuwa imeshakuja, na kwetu Kiwanjani, mjini Isiolo, kila mtu alikuwa na simu. Lakini kule malishoni, tulikohamia na mbuzi wakati wa ukame, hakukuwa na mtandao wala askari. Kulikuwa na wezi wa mifugo, na wezi huja kunapopambazuka. Kwa hiyo kila alfajiri baba aliitundika redio kwenye mgunga, ng'ambo ya zizi, mbali na tulipolala, akaifungulia mpaka mwisho. Wezi wadhani watu wako macho pale. Wakipiga, wapige pale.

Siku hiyo walipiga pale. Risasi zilirarua matawi na mbuzi. Tulilala kifudifudi, mimi, mama na kaka yangu, vumbi mdomoni, baba akijibu kwa bunduki yake ya polisi wa akiba. Kisha tawi likakatika. Redio ikaanguka, ikaendelea kuongea. Kaka, ambaye ndiye aliyekuwa akiitengeneza kila ikiharibika, akainua kichwa.

"Wataimaliza, mzee. Wacha niilete."

"Lala chini."

Hakulala. Alikimbia ameinama, akaifikia, akaikumbatia, na risasi ikamwingia shingoni. Nilimwona akijaribu kuziba tundu kwa kiganja. Damu ilipita katikati ya vidole.

Wezi walipokwisha kuondoka na mbuzi, redio ilikuwa bado inaongea chini ya kifua chake. Mtangazaji alikuwa anacheka. Baba akaivuta, akaipiga kwa kitako cha bunduki, akapiga, akapiga mpaka betri zikatawanyika, na hata iliponyamaza hakuacha. Nilimchukia kwa kipigo kile, na nilitaka aendelee.

Tulimzika kaka palepale, maana kwa jua lile mwili haungefika mjini. Baba alituma tangazo la kifo kwa lori lililokuwa linaelekea Isiolo, lisomwe redioni ndugu wasikie. Saa ya matangazo ilipofika, sisi wenye msiba ndio hatukuwa na redio.

Baadaye mjomba alifika kutoka Merti.

"Nimesikia kwa redio, dada," akamwambia mama.

Mama hakumsalimu. "Walisemaje?"

Mjomba akasimama, akalisema tangazo lote kama lilivyosomwa: jina la kaka, jina la baba, mahali pa kaburi. Alipomaliza, mama akamwambia arudie. Baba akainuka, akaenda kusimama zizini, ambamo hamkuwa na mbuzi hata mmoja.