Jenereta ya Mikrofoni

Juzi nilikuwa kwenye chuo kimoja cha serikali hapa Likasi. Mkuu wake alikuwa akitusomea mpango wa kupunguza moshi na matumizi ya nishati. Umeme ulikuwa umekatika, basi nje ya dirisha jenereta ilinguruma ili mikrofoni ifanye kazi.

"Hatusikie, prof!" alipaaza sauti mama mmoja wa nyuma, kiganja sikioni.

Mkuu akaongeza sauti ya mikrofoni. Mama akatikisa kichwa. Mkuu akachoka: "Basi muzimishe ile groupe!" akaonyesha jenereta dirishani.

Ikazimwa, ukumbi ukatulia. Akaanza upya kwa koo lake mwenyewe.

"Sasa tunasikia bien!" Mama akapiga makofi.

Kumbe jenereta ilikuwa ya mikrofoni, na mikrofoni ilikuwa ya kushindana na jenereta. Nilirudi kwetu mtaani Kikula nimeridhika: mpango ulianza kazi hata kabla haujamaliza kusomwa.