Elektroni ya Kumi na Tisa

Tatu wa Magomeni alikuwa kachoka, na tusidanganyane, uchovu wake haukuwa wa kulala ukaisha. Kutwa anabangua korosho, mafuta ya maganda yamemchubua vidole. Jioni, badala ya kunyoosha miguu, anakwenda tuisheni ya kemia kwa mwalimu Erasto. Na watoto watatu nyumbani! Lakini chuo cha uuguzi kilitaka afaulu kemia, na kemia ilishamwangusha mara mbili. Mumewe, Hashimu, hakugomba. Alisema tu, "Mama Fatuma, mwaka huu ndio wa mwisho." Maneno ya upole, lakini yalimkata maini.

Kilichomshinda zaidi ni kupanga elektroni ndani ya atomu. Erasto alifundisha kwa masinia: katikati kiini, sinia la kwanza wanakaa wawili, la pili wanane, la tatu lina nafasi ya kumi na wanane. Tatu akafurahi. Mambo ya shughuli za jando hayo, kakulia humo! Akazipanga elektroni kumi na tisa za potasiamu: 2:8:9.

"Umekosa tena," mwalimu akasema, sauti imemkauka. "Ni 2:8:8:1."

Ala! Siku hiyo Tatu uvumilivu ulimwisha. "Mwalimu, sinia la tatu bado lina nafasi. Huyu mmoja anaandaliwaje lake, ale peke yake? Kwetu hata mgeni asiyejulikana hafanyiwi hivyo. Wenzake wangesogea!"

Erasto akajiegemeza kwenye dawati. "Kumbe ndipo ulipokwama, mama. Elektroni si watu, hazijui adabu. Kila moja inakaa panapotaka nguvu kidogo. Wakishatimia wanane kwenye sinia la tatu, sinia la nne ndilo nafuu. Na huyo mmoja, kwa kuwa yuko mbali na kiini, anang'oka upesi. Ndiyo maana potasiamu haitulii; ikigusa maji tu, inawaka."

"Mbona hukunieleza mwaka juzi?"

"Mwaka juzi hukuuliza."

Kweli hakuuliza. Yeye na mwalimu, wapi na wapi kubishana? Akarudi nyumbani na hasira zake, na usingizi wake.

Siku ya mtihani, potasiamu ikaja. Vidole vinamwuma, kope nzito. Ile 2:8:9 ikamjia yenyewe, akaizuia. Akaandika 2:8:8:1, akamtazama yule mmoja kule nje, akamwonea huruma kweli kweli, akamwacha hapo hapo. Kisha akafunua ukurasa.