Neno la Minza Siku ya Ng'ombe

Malale, baba mdogo wa Minza, alikuwa na magonjwa mawili: kukataa ng'ombe wa mahari na kupenda maneno ya Kiingereza. Wa kwanza ndio uliomnyima Minza usingizi. Mwaka 1994, hapo hapo kijijini kwao Magamba, mzee aliwakataa mmoja mmoja ng'ombe walioletwa kumposa dada yake Minza, mpaka waposaji wakachoka, wakaswaga mifugo yao na kurudi kwao. Miaka miwili baadaye dada mtu alikuwa bado nyumbani. Na sasa zamu ilikuwa ya Minza, naye alimpenda mchumba wake Lyamba, tena sana.

Minza alikuwa akimpikia Bwana Pak, Mkorea mchimba visima aliyepanga nyumba mtaa wa Nsemulwa. Kila asubuhi Bwana Pak alifungua kijitabu chake, akachagua neno moja la Kiingereza, akasoma maelezo yake kwa Kikorea, kisha akalitamka mbele ya Minza, mhitimu wa kidato cha nne, amsahihishe. Wiki ile walilitafuna neno "prudent" siku tatu nzima: mtu mwenye busara, anayepima jambo kabla halijaharibika.

Jumamosi ng'ombe wa kina Lyamba wakaletwa. Bwana Pak alialikwa, akaketi na wazee, kijitabu mfukoni. Malale akazunguka kundi, fimbo kwapani. Huyu kakonda. Yule pembe imevunjika. Alipomkataa wa tatu, baba yake Lyamba akaanza kuulizia kofia yake aondoke.

Minza alitakiwa kujificha jikoni siku hiyo. Akatoka na kata ya maziwa, akampigia goti baba yake mdogo, akamwambia mbele ya wote kwamba Bwana Pak humsifu kuwa yeye ni prudent.

Malale akavimba kifua. "Maana yake nini?"

"Mzee mwenye busara, baba. Akishakataa watatu, anatosheka."

Malale akamgeukia mgeni, amthibitishie. Bwana Pak akatoa kijitabu, akatafuta ukurasa, akasoma kwa muda mrefu. Mgeni akamtazama binti, akamtazama baba yake Lyamba aliyekwisha kuvaa kofia, akakifunga kitabu.

"Ndiyo," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Watatu tu. Imeandikwa."

Malale akakohoa, akaamuru ng'ombe waliobaki waingizwe zizini. Minza akalia hapo hapo, bado kapiga goti, mbele ya wakwe zake.